Bastola ya kujilinda: iwe na sefti ya kidole gumba, au isiwe nayo?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa alizeti na mahindi, ninakaa Nzuguni, Dodoma, na mara nyingi natoka alfajiri kwenda soko la mazao la Kibaigwa nikiwa na fedha za kununulia mazao. Maombi yangu ya kumiliki bastola yamefika hatua za mwisho na sasa natakiwa kuchagua silaha yenyewe. Muuzaji amenionyesha mbili, zote za milimita 9. Moja ina sefti pembeni, yaani kile kizuizi cha usalama kinachosukumwa kwa kidole gumba. Nyingine haina chochote zaidi ya triga, naye anasema hiyo ndiyo ya kisasa. Kaka yangu aliyestaafu jeshini anasema bastola isiyo na sefti ni sawa na kujifunga bomu kiunoni. Rafiki yangu anayefanya kazi ya ulinzi anasema sefti ndiyo itakayoniua, kwa sababu siku ya tukio nitaisahau. Nyumbani nina watoto wawili, wa miaka minne na tisa. Sijapata mafunzo zaidi ya kupiga shabaha mara chache. Nichukue ipi?"*

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza hali yako kwa ukamilifu, maana swali hili likiulizwa kwa ufupi hujibiwa kwa ushabiki. Unaogopa mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili yanastahili kuogopwa. La kwanza ni bastola kufyatuka wakati hukukusudia, labda unapoivaa, unapoivua, unapopanda gari au unapoisafisha. La pili ni bastola kugoma wakati uhai wako unaitegemea. Kaka yako amelishika la kwanza, rafiki yako amelishika la pili, na hakuna aliyekudanganya. Ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza bastola hiyo inafanyaje kazi ndani, utaibeba ndani ya nini, na utafanya mazoezi kiasi gani, na bila majibu ya maswali hayo matatu ushauri wowote ni wa kubahatisha.

Nitatoa maoni yangu mapema ili usinisome kwa wasiwasi. Kwa hali uliyoieleza, ningekuelekeza kwenye bastola yenye sefti, kwa masharti nitakayoyataja. Hata hivyo ningekusihi utumie fedha na fikra nyingi zaidi kwenye ala ya kuibebea kuliko kwenye sefti, na usiihesabu sefti kabisa unapowafikiria watoto wako.

Tuanze na kinachotokea ndani ya chuma. Risasi hulipuka pini inapogonga kitako chake kwa nguvu. Nguvu hiyo hutoka kwenye springi, na springi hiyo ama husukuma nyundo inayoigonga pini, ama huisukuma pini yenyewe moja kwa moja. Kati ya springi na risasi kuna ndoano ndogo ya chuma inayoshikilia kila kitu mahali pake, na triga haina kazi nyingine isipokuwa kuiachia ndoano hiyo. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua kama bastola ni rahisi kufyatuka kwa bahati mbaya: springi imeshavutwa kiasi gani kabla hujaigusa triga, na triga inahitaji kusafiri umbali gani na kuvutwa kwa nguvu kiasi gani.

Zipo bastola ambazo triga yake haifanyi kazi nyingine ila kuachia nyundo iliyokwisha kuvutwa nyuma. Mfano unaojulikana zaidi ni ile ya John Browning iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, na nyingine ni Browning Hi-Power ya mwaka 1935, ambayo ilienea katika majeshi mengi duniani. Triga zake ni fupi na nyepesi. Silaha ya namna hii ikibebwa risasi ikiwa chemba, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, na nyundo ikiwa nyuma, sefti ya kidole gumba ni sehemu ya uhai wake, na mtu anayeibeba katika hali hiyo bila kuiweka sefti amebeba hatari mkononi. Hapa kaka yako yuko sahihi bila nyongeza.

Historia ya sefti hiyo inafundisha jambo ambalo mabishano mengi huliacha. Browning hakuianzisha bastola yake ikiwa na sefti ya kidole gumba. Iliongezwa mwishoni kwa sababu askari wa farasi walitaka njia ya kuituliza kwa mkono mmoja tu bastola iliyokwisha kukokiwa, yaani kuwekwa tayari kupigwa, huku mkono wa pili ukiwa umeshika hatamu za farasi aliyeshtuka. Tangu mwanzo, basi, sefti ilitengenezwa hasa kwa ajili ya wakati wa kuirudisha silaha mahali pake. Shika hilo, kwa sababu nitalirudia.

Kundi la pili ni la bastola ambazo triga yenyewe huvuta nyundo nyuma kisha kuiachia. Walther PP ya mwaka 1929, Makarov iliyopitishwa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1951 na Beretta 92 zote zimo humo. Risasi ya kwanza inahitaji mvuto mrefu na mzito, kwa kawaida kilo 4 hadi 5 au zaidi, na zinazofuata huwa nyepesi kwa sababu slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kinaikoki nyundo chenyewe. Uzito wa mvuto wa kwanza tayari ni ulinzi, na ndiyo maana wengi hubeba bastola za namna hii nyundo ikiwa mbele na sefti, kama ipo, ikiwa imefunguliwa. Rivolva nayo, ikivutwa kwa triga peke yake, ina ulinzi huohuo, na kwa kawaida haina sefti ya kidole gumba kabisa, na kwa miaka mingi sana polisi wa nchi nyingi waliibeba hivyo.

Kundi la tatu ndilo bila shaka muuzaji wako analiita la kisasa, ingawa jeshi la Austria lilipitisha bastola ya kundi hili, Glock 17, mwaka 1982, na kitu chenye umri huo ni mtu mzima mwenye watoto. Hakuna nyundo inayoonekana. Kwenye Glock, ukikoki, pini huvutwa sehemu tu ya safari yake, na triga ndiyo inayomalizia kuivuta kabla ya kuiachia. Ndani kuna kizuizi cha chuma kinachoziba njia ya pini mpaka triga ivutwe, kuna muundo unaozuia pini kuachiliwa bastola ikianguka, na katikati ya triga kuna kibao kidogo kinachoizuia isirudi nyuma kwa mtikisiko. Kwa hiyo si kweli kwamba bastola isiyo na sefti pembeni haina usalama wowote. Inao, lakini wote uko ndani, na wote huondoka kwa tendo moja, nalo ni triga kuvutwa.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Triga ya Glock ya kawaida huvutwa kwa takriban kilo 2.5 na husafiri kama milimita 12. Kile kibao cha katikati huizuia triga isijisogeze yenyewe, lakini hakijui kutofautisha kidole chako na pindo la shati. Kamba ya koti la baridi la Juni na Julai ikiingia ndani ya ala pamoja na bastola, ikakaa mbele ya triga, na wewe ukaendelea kuisukuma bastola ishuke, vizuizi vyote vya ndani vitafunguka kwa utaratibu uliokusudiwa na mtengenezaji, na risasi itapita pajani au mbaya zaidi. Mashine haitakuwa imeharibika hata kidogo.

Sasa fikiria idadi. Mtu anayevaa bastola asubuhi na kuivua jioni kila siku ataigusa hivyo zaidi ya mara 700 kwa mwaka, kabla hujahesabu siku unazolazimika kuiacha kwa sababu unaingia benki, ofisi ya serikali, msikitini au kanisani. Idadi ya mara utakazoitoa kwa sababu mtu anataka kukuua huenda ikawa sifuri maisha yako yote, na ninakuombea iwe hivyo. Rafiki yako anapopima sefti kwa ile dakika moja ya tukio peke yake, anaacha nje ya hesabu siku zote nyingine ambazo bastola hiyo itakuwa karibu na nyonga yako, mke wako na dereva wako. Mimi nayapima yote mawili, na ndiyo sababu mizani yangu inaegemea sefti kwa mtu asiye na mafunzo mengi.

Hata hivyo hoja ya rafiki yako ina uzito ambao sitaki kuupunguza. Mtu aliyeshtuka moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, na kazi ndogondogo za vidole ndizo za kwanza kupotea. Wapo watu waliotoa bastola, wakavuta triga, wakaona hakuna kinachotokea, wakavuta tena kwa nguvu zaidi badala ya kukumbuka sefti. Hilo si uzembe wa mtu mmoja mmoja, ndivyo mwili wa binadamu unavyofanya chini ya hofu: hurudia ulichouzoesha na kusahau ulichoambiwa mara moja dukani. Kwa hiyo sefti ya kidole gumba inafaa pale tu ambapo kuishusha kumekuwa sehemu ya tendo la kutoa bastola, kiasi kwamba huwezi kutoa bila kushusha hata ukiamshwa usingizini. Kama unajijua kwamba baada ya mwezi wa kwanza hutafanya mazoezi tena, basi rafiki yako amekushinda kwa hoja, na bastola ya kundi la pili, yenye mvuto wa kwanza mzito na isiyodai kukumbuka kitu, itakufaa kuliko hizo mbili ulizoonyeshwa.

Si kila sefti ni sawa, na jambo hili wauzaji huligusa juujuu. Nzuri kwa kubebea ni ile ambayo kiwiko chake, yaani kile kipande unachosukuma, kiko kwenye fremu, chini ya slaidi, mahali ambapo kidole gumba hukaa chenyewe unaposhika mpini. Ikiwa juu silaha imefungwa, ukiisukuma chini imefunguka, na kidole kinaendelea kukaa juu yake wakati wote wa kupiga. Kushusha kidole gumba ni tendo la mkono kukunja ngumi, hivyo ni rahisi hata kwa mkono unaotetemeka. Iliyo kwenye slaidi iko juu zaidi na mbali zaidi, na baadhi yake hufanya kazi kinyume: kwenye Beretta 92 ya kawaida na kwenye Walther PP ukiisukuma chini umefunga, na kufungua ni kuipandisha juu, tendo ambalo vidole vifupi hulipata kwa shida. Makarov nayo ina sefti kwenye slaidi lakini chini ndiko kufungua. Mtu mwenye kuzoea moja kisha akanunua nyingine hujikuta anafunga wakati anadhani amefungua. Kama kaka yako alizoea silaha ya aina moja na atakuwa ndiye mwalimu wako wa kwanza, hakikisha anakufundisha kwa silaha yako wewe, si kwa kumbukumbu ya ile yake.

Tazama pia ukubwa wa sefti na upande iliko. Kuna sefti ndogo kama punje, iliyobanwa ubavuni mwa bastola ili isinase kwenye nguo, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu inakupa kazi ya ziada bila kukupa uhakika. Kama unatumia mkono wa kushoto, hukusema, basi bastola yenye sefti upande mmoja tu haikufai na usikubali kuambiwa utazoea. Tafuta yenye kiwiko pande zote mbili, au achana na sefti na uchague kundi la pili.

Kwa Dodoma naongeza vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba zinapoanza, mtu anayeshinda sokoni kwenye magunia ya alizeti hubeba vumbi mwilini kutwa nzima, na vumbi likichanganyika na mafuta mengi ya silaha huwa tope gumu linalokwamisha kiwiko cha sefti polepole bila wewe kugundua. Paka mafuta kidogo sana, futa kilichozidi, na kila juma, bastola ikiwa tupu, sikiliza kama sefti bado inalia kwa mlio mmoja mkavu inaposhuka.

Nimesema ala ni muhimu kuliko sefti, nami nasimama hapo. Ala inayofaa ni ngumu, imetengenezwa kwa aina ileile ya bastola, inafunika triga yote pande zote mbili, inabaki wazi mdomo baada ya kuitoa silaha, na imefungwa kwenye mkanda imara. Ikiwa nayo, bastola isiyo na sefti ni salama kwa kiwango kikubwa, kwa sababu hakuna kinachoweza kuifikia triga. Bila hiyo, bastola yenye sefti bado ni ya hatari, kwa sababu kiwiko husuguliwa na mkanda wa kiti cha gari, na nguo, na kiti chenyewe, na kuna siku utakikuta kimeshuka bila wewe kukishusha. Kuisokomeza kiunoni chini ya shati, kuiweka kwenye mfuko wa mlango wa gari, au kuitia ndani ya begi pamoja na funguo na simu ni mambo ambayo sefti yoyote duniani haiwezi kuyarekebisha.

Wapo wanaosema suluhisho ni kubeba bila risasi chemba, kisha kukoki siku ya hatari. Nalichukulia shauri hili kwa uzito kuliko wakufunzi wengi wanavyolichukulia. Kwa miezi ya kwanza, wakati hata kuivaa bado kunakutia jasho, ni njia ya busara, na kwa bastola za zamani kama Tokarev TT-33, ambayo katika muundo wake wa asili haina sefti isipokuwa pengo la kusimamisha nyundo katikati ya safari, ndiyo njia pekee ninayoweza kuikubali. Gharama yake ni kwamba unahitaji mikono miwili na nafasi ya kuitumia. Mtu anayekukaba ndani ya gari, au mkono wako wa kushoto ukiwa umemsukuma mtoto nyuma yako, hakupi nafasi hiyo, na kukoki kwa haraka kunakokatishwa njiani huikwamisha bastola. Chagua njia hii ukijua unachokitoa, usiichague kwa sababu mtu amekuambia haina gharama.

Utasikia pia kwamba jeshi la Marekani lilipochagua bastola mpya Januari 2017 lilidai sefti ya kidole gumba, na utasikia kwamba shirika la upelelezi la nchi hiyohiyo, FBI, lilichagua Glock isiyo nayo mwaka 2016. Hakuna mgongano hapo. Jeshi lina vijana wengi sana wa viwango tofauti vya mazoezi, na bastola kwa wengi wao si silaha kuu. FBI ina watu wachache kwa kulinganisha, wanaobeba bastola kila siku na kupimwa mara kwa mara. Kila taasisi ilipima watu wake, na wewe unafanana zaidi na kundi la kwanza. Zingatia pia kwamba bastola hiyohiyo ya jeshi, SIG Sauer P320 katika toleo la raia, iligundulika katikati ya mwaka 2017 kwamba ingeweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, na mtengenezaji akatoa marekebisho ya triga bila malipo. Vizuizi vya ndani ni vya kuaminika pale vilipothibitishwa, na ukiuziwa silaha iliyotumika, uliza imetengenezwa lini na kama imefanyiwa marekebisho yoyote.

Kuna dhana mbili ambazo sharti niziondoe kabla hujalipa shilingi. Watu wengi huamini kwamba ukitoa magazini, yaani kile kibebeo cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, bastola imekuwa tupu. Sivyo. Risasi iliyo chemba inabaki, na bastola nyingi hufyatua risasi hiyo magazini ikiwa mezani. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi nyuma, kisha tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole, kwa utaratibu huohuo kila siku. Ukikoki kwanza ndipo utoe magazini, umeingiza risasi nyingine chemba na umejidanganya. Dhana ya pili ni kwamba sefti ikiwa juu unaweza kuelekeza mtutu popote. Sefti ni kipande cha chuma kinacholika, na wakati mwingine kazi yake ni kushikilia triga tu, si pini. Mtutu hauelekezwi kwa mtu ambaye hutaki kumpiga, iwe imefungwa au la.

Sasa watoto. Mtoto wa miaka minne ana nguvu za kutosha kusukuma sefti chini, na akishindwa kuvuta triga kwa kidole kimoja atatumia vidole gumba viwili, mtutu ukimtazama usoni. Mtoto wa miaka tisa ameona sinema za kutosha kujua kukoki. Kwa hiyo nyumbani bastola isiyokuwa mwilini mwako ikae tupu ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake, na funguo zisikae kwenye msumari ambao nyumba nzima inaujua. Juu ya kabati si mahali, chini ya godoro si mahali. Mwambie yule wa miaka tisa kwa sauti ya kawaida kwamba akiona silaha popote, hata kwa rafiki, asiiguse, aondoke, amwite mtu mzima. Udadisi huongezeka kwa kufichwa, na mazungumzo mafupi humsaidia kuliko ukali.

Mazoezi ninayoyadai kwako ni madogo lakini ni ya kudumu: dakika kumi mara tatu kwa juma, bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine, mtutu ukielekea ukuta imara. Toa polepole, na kidole gumba kishushe sefti wakati mtutu umekwisha kuelekea mbele, kamwe si wakati ungali ndani ya ala. Kidole cha shahada kinakaa nje ya triga mpaka uwe umeamua. Kisha pandisha sefti, tazama ala kwa macho kama haina nguo ndani, na urudishe bila haraka, maana hakuna anayekushindania wakati wa kurudisha. Kama bastola ni ya kundi la pili na nyundo yake inaonekana nayo iko mbele, weka kidole gumba juu yake unapoirudisha. Kitu kikiisukuma triga utaisikia nyundo ikianza kuinuka, na utasimama. Kwa bastola za kundi la pili zenye kiwiko cha kushusha nyundo, ishushe kila mara kabla ya kurudisha, na kamwe usishushe kwa kuishika nyundo kwa kidole huku ukivuta triga juu ya risasi iliyo chemba. CZ 75 ya asili, nayo ya kundi la pili, haina kiwiko hicho, ndiyo maana wengine huibeba nyundo ikiwa nyuma na sefti ikiwa juu.

Kupiga risasi halisi fanya mahali panaporuhusiwa tu. Ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni yako itakuelekeza. Usiende kwenye mashamba ya Hombolo au vilima vya karibu kwa kuwa hakuna mtu, kwani wachungaji wapo kila mahali hata usipowaona, na risasi ya milimita 9 husafiri zaidi ya kilomita moja.

Mambo fulani hayamalizwi kwa maandishi. Mpelekee fundi silaha aliyeruhusiwa bastola yoyote ambayo sefti yake inalegea, inashuka yenyewe, au inashindwa jaribio hili: silaha ikiwa tupu kabisa na imekokiwa, pandisha sefti, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha shusha sefti bila kugusa triga. Nyundo au pini ikianguka wakati unashusha sefti, ile ndoano ya ndani imelika au imeharibiwa na mtu aliyejaribu kuipunguza uzito wa triga, na silaha hiyo isibebwe hata siku moja. Tafuta pia mkufunzi wa ana kwa ana kabla ya kuanza kuivaa, kwa sababu makosa ya kidole hayaonekani na mwenye kidole. Na kama nyumbani kuna mtu aliyezama kwenye pombe au huzuni nzito, pamoja na wewe mwenyewe, zungumza na polisi kuhusu kuihifadhi silaha kwao mpaka hali itulie. Hilo halina aibu yoyote.

Kuhusu sheria nitasema machache kwa kuwa hukuniuliza. Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ni yako binafsi, hivyo dereva wako au kaka yako hawezi kuibeba kwa niaba yako hata kwa saa moja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mwanasheria akueleze mipaka hiyo kabla hujaihitaji. Na kwa kuwa sababu yako ni fedha za mazao, ningependa kwanza uangalie ni kiasi gani cha malipo ya Kibaigwa kinaweza kupita benki au kwenye simu, maana mtu asiyebeba mamilioni alfajiri ana sababu chache za kuvamiwa.

Ukirudi dukani, omba bastola ile yenye sefti ikiwa tupu, ikaguliwe mbele yako, na uishike kama utakavyoishika siku zote bila kuhamisha mkono. Kidole gumba kikifika kwenye kiwiko chenyewe na kukishusha bila wewe kuitazama, ichukue na uulizie ala yake siku hiyohiyo. Kikikwama au ukalazimika kugeuza mpini, muulize kama ana ya kundi la pili inayoutosha mkono wako. Fanya haya kabla namba ya silaha haijaingia kwenye karatasi, kwa sababu leseni huandikwa kwa bastola mahususi, na kubadilisha baadaye ni kuanza safari nyingine ya ofisi.